Upanga Usioshikika: Historia ya Kuhangaikia Hazina za Gemu

Ndani ya Adventure, gemu ya kampuni ya Atari iliyotoka mwaka 1980, kuna nukta moja ya kijivu ambayo jicho haliioni, kwa kuwa imelazwa juu ya sakafu ya kijivu. Imefichwa katika chumba kisicho na mlango, ndani ya njia za giza za kasri jeusi. Ili kukifikia chumba hicho, mchezaji hana budi kubeba daraja na kulitega juu ya ukuta. Akishaiokota, nukta haimpi nguvu yoyote: haiui joka wala haifungui lango. Anatakiwa aipeleke hadi chumba kingine cha mbali, akusanye hapo vitu vingine mpaka picha ianze kuchezacheza, kisha apenye kwenye ukuta ambao siku zote umekuwa ukimzuia. Ng'ambo yake kuna maandishi yanayomtaja Warren Robinett, kijana aliyeitengeneza gemu hiyo.

Atari ya siku zile haikuandika majina ya watengenezaji popote, si kwenye boksi wala kwenye kioo. Robinett aliona kazi yake inauzwa huku na huko na yeye hajulikani, akalificha jina lake mahali ambapo hata wakubwa zake wasingeliona, akanyamaza, kisha akaacha kazi. Aliyeifichua siri ni mvulana wa miaka 15 wa Salt Lake City, Marekani, aliyeiandikia kampuni barua kueleza alichokikuta. Kampuni ilipopiga hesabu ya gharama za kulifuta jina hilo, iliona ni heri kuliacha. Steve Wright, mmoja wa wasimamizi, akapendekeza kwamba siri za namna hiyo ziwekwe kwa makusudi katika gemu zijazo, mithili ya mayai ambayo watoto wa Kizungu hufichiwa bustanini wakati wa Pasaka.

Naianza historia hii kwa nukta ya Robinett kwa kuwa inaonyesha jambo ambalo wengi wasiocheza hulidharau. Mtu atakesha usiku akitafuta kitu kisicho na uzito, kisicho na harufu, kisicholiwa, naye hajarukwa na akili. Anachokitafuta ni ushahidi kwamba amefika mahali ambapo wengine hawajafika. Hamu hiyo haijabadilika tangu 1980. Kilichobadilika ni bei yake. Mwanzoni mchezaji alidaiwa udadisi, baadaye akadaiwa muda, na leo anadaiwa fedha, tena kwa njia ya kubahatisha.

Bahati yenyewe iliingia mapema. Mwaka huohuo wa 1980, kwenye kompyuta za vyuo vikuu vya California, Michael Toy na Glenn Wichman walikuwa wakiandika Rogue. Humo mchezaji huteremka mapangoni ngazi baada ya ngazi akiitafuta Hirizi ya Yendor, na mapango hayo huchorwa upya kila anapoanza. Silaha aliyoikuta jana leo haipo. Akifa, hana pa kurudia. Kwa mara ya kwanza wengi walikutana na gemu ambayo haikaririki. Kati ya mtu na hazina yake palisimama nambari iliyopigwa na mashine, na nambari hiyo haijaondoka hapo mpaka leo.

Atari nao walijaribu njia ya kifahari zaidi: kuitoa hazina nje ya kioo. Mwaka 1982 walianza kuuza Swordquest, mfululizo uliopangwa kuwa na gemu nne. Kila moja ilikuja na kitabu cha katuni kilichochapishwa na DC Comics, na ndani ya michoro yake mlifichwa maneno ambayo mchezaji alitakiwa kuyaoanisha na namba alizozipata kwenye gemu. Walioyapata maneno sahihi wangeshindania vito vya kweli vilivyotengenezwa na Franklin Mint: hirizi ya dhahabu, kikombe, taji na jiwe, kila kimoja cha thamani ya dola 25,000, na mwisho upanga wa dola 50,000. Mashindano mawili tu ndiyo yaliyofanyika hadharani, na hirizi na kikombe vikapata wenyewe. Mwaka 1983 soko la gemu la Marekani likaanguka, gemu ya nne haikutoka, na Julai 1984 sehemu ya Atari iliyotengeneza mashine na gemu za nyumbani iliuzwa kwa Jack Tramiel. Upanga haukushindaniwa kamwe.

Wajapani ndio waliogundua kwamba mchezaji yuko tayari kulipa kwa saa za maisha yake. Katika Final Fantasy IV ya mwaka 1991 kuna mkia wa waridi, unaobadilishwa kwa vazi la kivita lisilo na mfano. Mkia huo hutoka kwa viumbe wanaopatikana katika chumba kimoja tu chini ya ardhi ya mwezi. Viumbe hao hujitokeza takriban mara moja katika mapambano 64, na wakishauawa huacha mkia takriban mara moja kwa 64. Zidisha mwenyewe. Mchezaji aliyeamua kuupata alizunguka chumbani mle, huku na huku, siku baada ya siku, akipigana na madubwana asiyoyataka ili akutane na yale anayoyataka, kisha ayaue na aondoke mikono mitupu.

Miaka iliyofuata kampuni iliyotengeneza Final Fantasy ikazidi kubuni mitihani. Katika Final Fantasy IX ya mwaka 2000, upanga wa Excalibur II unaonekana tu kwa mchezaji anayefika mahali paitwapo Memoria, karibu na mwisho, kabla saa ya gemu haijatimiza 12. Mchezo huo umejaa hadithi nzuri na mandhari ya kupendeza, na anayeutaka upanga hana budi kuyapita yote mbio. Walioununua Ulaya walikuwa na mtihani mzito zaidi: televisheni za huko zilionyesha picha 50 kwa sekunde badala ya 60, gemu ikaenda polepole, ilhali saa iliendelea kuhesabu kama kawaida. Mwaka mmoja baadaye Final Fantasy X ilimtaka mchezaji akwepe radi 200 mfululizo katika uwanda wa ngurumo, kwa kubonyeza kitufe kila mwanga unapomulika. Akichelewa radi ya 199, anaanza moja.

Mitihani hiyo ni migumu, lakini ina haki ndani yake, maana mchezaji anajua anachodaiwa. Mkuki wa Zodiac katika Final Fantasy XII ya 2006 ni habari nyingine, nami nauona kuwa dhuluma. Masanduku ya hazina yametawanywa kila mahali katika gemu hiyo, na kila mchezaji tangu utotoni amefundishwa kwamba sanduku ni la kufunguliwa. Kumbe manne kati yake hayakutakiwa kuguswa. Aliyefungua hata moja, pengine saa ya kwanza kabisa ya mchezo, alikuwa ameukosa mkuki kwenye sanduku lake, na hakuna mtu wala maandishi ndani ya gemu yaliyomwonya. Aliyejua ni yule aliyenunua kitabu cha mwongozo, au aliyesimuliwa na mwenzake aliyekinunua. Hapo ndipo naona ule udadisi wa Robinett ukisalitiwa: siri isiyo na dalili si fumbo, ni mtego.

Siri iliyotikisa watoto wengi kuliko zote ilitokea Japani pia. Februari 1996, baada ya miaka ya kazi iliyoongozwa na Satoshi Tajiri, kampuni ya Game Freak ilitoa gemu za kwanza za Pokémon, zenye viumbe 150. Siku za mwishomwisho, vifaa vya kupimia makosa vilipoondolewa kwenye kaseti na kuacha nafasi ya baiti 300 hivi, mtayarishaji programu Shigeki Morimoto alimchomeka Mew, kiumbe wa 151, ambaye mchezaji wa kawaida hakukusudiwa kumwona. Kasoro za programu zikamtoa hadharani, na uvumi ukaenea. Kampuni ya Nintendo, iliyoziuza gemu hizo, ikatangaza kupitia jarida la CoroCoro kwamba watu 20 watapewa Mew. Maombi yaliyofika yalizidi 78,000.

Kwa waliokosa kulibaki tetesi. Gemu ilipofika Marekani na Ulaya, watoto waliambiana shuleni kwamba Mew yuko chini ya lori lililoegeshwa karibu na meli iitwayo S.S. Anne. Lori lilikuwepo kweli, mahali ambapo mchezaji hana sababu ya kufika, nalo halikuwa na kazi yoyote. Watoto wakaanza gemu upya, wakaizuia meli isiondoke, wakafundisha viumbe wao nguvu za kusukuma, wakalisukuma lori lile ambalo halikusogea. Mwaka 2003, miaka saba baada ya kaseti ya kwanza kuuzwa, wachezaji walieneza njia halisi ya kumpata Mew kwa kutumia kasoro ya programu, bila lori na bila zawadi ya kampuni. Namheshimu sana mtu wa namna hiyo, anayeifungua gemu ya kitoto, mstari kwa mstari, kwa sababu tu hakukubali kuambiwa haiwezekani.

Hadi hapo hazina ilikuwa siri ya mtu na kaseti yake. Intaneti ndiyo iliyompa jirani wa kumwonea wivu na soko la kuiuzia. Ultima Online ilifunguliwa Septemba 1997, na haikupita muda nyumba na dhahabu za humo zikawa zinauzwa kwa dola halisi kwenye mnada wa eBay. Machi 1999 ikafuata EverQuest, na ndani yake dunia ya Norrath, ambapo kazi ya kungoja iligeuka kuwa maisha.

Dubwana lenye kitu adimu katika Norrath haliuliwi na kwisha. Hurudi baada ya muda, na mara nyingi anayerudi si lenyewe ila kiumbe mwingine wa kawaida anayeshikilia nafasi yake. Naye lazima auawe ili nafasi iwe wazi tena. Wachezaji walipiga kambi hapo kwa saa na siku, kama mvuvi anayerudi kulitazama dema lake kila maji yanapokupwa. Viatu vya kumfanya mtu akimbie kwa kasi vilivutia umati katika pango moja tu la Najena, kwa sababu alikuwemo kiumbe mmoja tu mwenye kuvivaa. Palipozuka ugomvi, wachezaji wenyewe waliandika orodha za zamu na kuzilinda, bila kulazimishwa na kampuni. Wachezaji wenye nafasi ya kuhani waliotaka fimbo yao ya heshima walimngoja joka Ragefire, aliyetokea kwa nadra mno, na vyama vikubwa vya wachezaji vilitunza namba za simu za wanachama ili mwenzao aamshwe usiku wa manane joka likionekana.

Mwaka 2001 mchumi Edward Castronova, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu huko Fullerton, California, aliitazama Norrath kama mchumi anavyoitazama nchi. Alichukua bei ambazo wachezaji waliuziana vitu na sarafu kwa dola, akakokotoa pato la kila mkazi. Likawa dola 2,266 kwa mwaka, likiiweka nchi hiyo ya kwenye kompyuta katika nafasi ya 77 duniani, jirani na Urusi, juu ya China na India. Saa moja ya kuhangaika humo ilizalisha takriban dola 3.42. Mishahara mingi ya Afrika Mashariki ya mwaka huo haikufika kiwango hicho kwa saa. Sony, iliyoimiliki gemu, ilikuwa imekwisha kupiga marufuku biashara hiyo, lakini marufuku haikuuzima mnada, iliuhamishia vichochoroni.

Diablo II, iliyotoka Juni 2000, ilifundisha somo la fedha ambalo wanafunzi wa uchumi wangefaa kulisoma. Dhahabu ya humo ilipatikana kwa wingi kiasi kwamba hakuna aliyeitaka. Wachezaji wakaanza kubadilishana kwa pete iitwayo Stone of Jordan, kwa kuwa ilikuwa adimu, ilifaa karibu kila shujaa, na haikujaza mkoba. Hakuna aliyeamuru, pete ikawa sarafu. Kisha wajanja wakagundua namna ya kuidurufu, zikamwagika pete bandia, na thamani yake ikaporomoka kama ya noti zilizochapishwa ovyo. Kampuni ya Blizzard ilijibu mwaka 2003 kwa ubunifu wa ajabu. Katika toleo la 1.10, kila pete iliyouzwa kwa wachuuzi wa ndani ya gemu ilihesabiwa kwenye seva nzima, na hesabu ikifika kiwango fulani, shetani mkubwa kuliko wote alitokea na kuacha talasimu ambayo haikupatikana kwa njia nyingine. Watu waliokuwa wamejilimbikizia pete wakazitupa wenyewe motoni ili wamwone. Sijui benki kuu iliyowahi kuondoa sarafu mitaani kwa furaha ya wananchi kiasi hicho.

Nchini Uingereza, RuneScape, gemu ya kampuni ya Jagex, ilifunguliwa Januari 2001. Sikukuu ya Krismasi mwaka huo iligawa fataki za karatasi zilizokuwa na kofia za sherehe za rangi sita. Hazikukinga upanga wala mshale, na wengi walizitupa. Miezi miwili kabla yake iligawa maboga, watu wakayala. Jagex ilipoamua kutotoa tena vitu hivyo, kila boga lililoliwa na kila kofia iliyotupwa vilipunguza idadi iliyobaki milele. Kofia ya buluu ikawa alama ya utajiri. Bei yake ilipanda mpaka ikazidi sarafu 2,147,483,647, ambazo ndizo zilikuwa nyingi kabisa zilizoweza kukaa katika fungu moja la mchezo huo, kwa kuwa kompyuta yake haikuhesabu zaidi ya hapo. Wauzaji wakalazimika kuongeza vitu vingine juu ya fungu hilo ili biashara ikamilike.

Kisha World of Warcraft, Januari 2006. Malango ya mji wa Ahn'Qiraj yalikuwa yamefungwa katika kila seva, na kuyafungua kulihitaji jamii nzima: maelfu ya wachezaji walikusanya bendeji, mapande ya shaba, ngozi na samaki waliopikwa, wakavipeleka ghalani kwa majuma. Pamoja na hayo mtu mmoja alitakiwa kuunda fimbo ya kifalme kwa safari ndefu iliyompitisha katika mapango yanayoingiwa na watu 40 kwa pamoja. Hakuna aliyeweza kuimaliza bila chama kizima kumbeba. Aliyegonga upatu wa kuyafungua malango katika saa kumi za kwanza alipewa mdudu mkubwa mweusi wa kupanda, ambaye waliochelewa hawakupewa. Seva ya Medivh ilikuwa ya kwanza, tarehe 23 Januari. Umati uliofurika kushuhudia uliifanya seva izimike mara kwa mara. Katika historia yote hii, hilo ndilo tukio ninalolipenda zaidi. Mamia waliosuka bendeji hawakupata mdudu wala fimbo. Walifurahi kwamba lango limefunguka nao walikuwepo.

Penye thamani hapakosi damu. Mwaka 2005 huko Shanghai, mchezaji wa Legend of Mir 3 aliyekuwa amemwazima mwenzake upanga wa joka alisikia umeuzwa kwa yuan 7,200. Alikwenda polisi, akaambiwa sheria haiutambui upanga huo kuwa mali. Akamfuata mwenzake nyumbani, akamchoma kisu, akamuua. Mahakama ikamhukumu kifo, hukumu iliyoahirishwa utekelezaji. Polisi wale pengine hawakujua kwamba Desemba 2003 mahakama ya wilaya ya Chaoyang mjini Beijing ilikuwa imeshatoa jibu tofauti. Mchezaji mmoja alikuwa ametumia miaka miwili na yuan 10,000 kukusanya silaha katika gemu iitwayo Hongyue, mwizi akaziiba, naye akaishtaki kampuni. Mahakama iliiamuru kampuni imrudishie silaha zake.

Wengine walihangaika kwa ajili ya hazina ambazo hazikuwa zao. Karakana za kuvuna dhahabu ya gemu zilienea China, vijana wakicheza kwa zamu za usiku na mchana ili mteja wa Marekani au Ulaya anunue alichoshindwa kukisubiri. Mwaka 2011 gazeti la The Guardian la Uingereza lilichapisha ushuhuda wa mfungwa wa zamani wa kambi ya kazi ya Jixi, mkoani Heilongjiang, aliyesema kwamba mwaka 2004 wafungwa walivunja mawe mchana, kisha usiku wakalazimishwa kucheza gemu ili walinzi wauze sarafu zilizopatikana. Aliyeshindwa kufikisha kiwango alipigwa. Miaka michache baadaye uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, raia wake waliingia RuneScape kuwaua majoka ya kijani na kuuza mapato yao kwa dola chache zilizonunua chakula ambacho bolivari haikuweza kununua. Wachezaji wengine waliwatukana, hata wakaeneza maelekezo ya kuwawinda. Naliona jambo hilo kuwa la aibu kubwa: mtu anayecheza ili mwanawe ale amefanya kazi halali kuliko wengi wetu.

Swali la polisi wa Shanghai lilijibiwa kikamilifu na Mahakama ya Juu ya Uholanzi. Septemba 2007, mjini Leeuwarden, wavulana wawili walimpiga mwenzao wa miaka 13, wakamtisha kwa kisu, wakamlazimisha aingie kwenye akaunti yake ya RuneScape na kuangusha hirizi na barakoa ili wao waziokote. Wakili wa mmoja wao alidai kwamba hapakuwa na wizi, kwa kuwa vitu hivyo havikuwepo. Ni mwanga tu kwenye kioo, na mali ya Jagex. Tarehe 31 Januari 2012 mahakama ilikataa hoja hiyo. Ilisema vitu hivyo vilikuwa na thamani kwa mwenyewe kwa sababu ya muda na juhudi alizozitumia kuvipata, na kwamba aliyekuwa ameshavimiliki peke yake alinyang'anywa. Mshtakiwa akapewa adhabu ya saa 144 za kazi za jamii. Majaji wale hawakusema upanga wa gemu ni chuma. Walisema jasho lake ni jasho.

Wakati majaji wa Uholanzi wakilitambua jasho, watengenezaji walikuwa wamekwisha kugundua kwamba jasho halilipi kampuni. Anayepiga kambi saa 100 analipa ada ileile ya mwezi. Nambari ya bahati ya Rogue ndiyo iliyokuwa na faida, ikiuzwa kwa kila jaribio. Nchini Japani gemu za simu zilianza kuuza michoro ya mashujaa kwa mtindo wa mashine za vidoli za madukani: unalipa, unazungusha mara moja, yaani mvuto mmoja, hujui kitakachotoka. Mbaya zaidi ilikuwa ile iliyomtaka mchezaji akamilishe seti nzima ya vitu vya bahati ndipo apewe kimoja adimu, maana anayekaribia mwisho wa seti ndiye anayelipa zaidi kwa kipande kimoja kilichobaki. Mei 2012 Wakala wa Masuala ya Walaji wa Japani ulitangaza kwamba mtindo huo wa seti unavunja sheria, na hisa za kampuni za gemu za simu zikaanguka.

Agosti 2013 kampuni ya Valve iliingiza masanduku katika Counter-Strike: Global Offensive. Ufunguo wa sanduku uliuzwa dola 2.49, na ndani ya sanduku kulikuwa na urembo wa silaha, ambao wachezaji huuita skini, usioongeza nguvu hata chembe. Gemu ilipofunguliwa China mwaka 2017, sheria ya huko iliyoanza kutumika Mei mwaka huo ililazimisha viwango vya bahati vitangazwe, na dunia ikaiona nambari: kisu, tuzo ya juu, hutoka kwa asilimia 0.26. Ni wastani wa sanduku moja katika 385, yaani karibu dola 960 za funguo peke yake. Januari 2018 bunduki moja yenye mchoro wa Dragon Lore, iliyotiwa saini ya mchezaji bingwa, iliripotiwa kuuzwa kwa zaidi ya dola 61,000.

Japani ilihitaji tukio jingine ili ishtuke. Mwanzoni mwa 2016, mchezaji wa Granblue Fantasy alijionyesha moja kwa moja kwenye intaneti akimtafuta shujaa mmoja, Anchira, aliyetangazwa kuwa rahisi zaidi kupatikana katika sikukuu za mwaka mpya. Alivuta mara 2,276 na kutumia karibu yen 700,000 kabla ya kumpata. Watazamaji walishuhudia mtu akilipa mshahara wa miezi kwa picha moja. Kampuni ikaweka ukomo: baada ya mivuto 300, mchezaji anachagua mwenyewe anachokitaka. Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilikwenda mbali zaidi na kuyatangaza masanduku ya kulipia kuwa kamari kwa mujibu wa sheria zake, na makampuni makubwa yakayaondoa nchini humo.

Masanduku haya yapo Afrika Mashariki pia. Hayakuja na kaseti wala mashine za kwenye vibanda vya gemu, ambako mtoto hulipia dakika na kuondoka. Yamekuja na simu, na simu imeunganishwa na pesa. Apple imezitaka gemu zitangaze viwango vya bahati tangu Desemba 2017, na Google ikafuata mwaka 2019. Kwa hiyo nambari ipo. Imewekwa nyuma ya kitufe kidogo, mara nyingi kwa Kiingereza, kwa asilimia ambazo kijana wa darasa la saba hajawahi kuelezwa maana yake.

Tanzania ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na Kenya ina mamlaka yake. Ninaziomba zifanye mambo mawili ambayo Japani, China na Ubelgiji zimeonyesha kuwa yanawezekana: nambari hiyo iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, juu ya kitufe cha kulipia, na mtoto asiuziwe sanduku. Nawe mzazi, kabla hujampa mwanao namba ya siri ya pesa zako za simu, kaa naye, mfungue pamoja kile kitufe kidogo, msome asilimia iliyoandikwa, kisha mpige hesabu ya shilingi.